Kuchagua na Kununua Shoka na Zana za Mkono za Mtumba: Mwongozo Kamili

Katika masoko ya zana zilizotumika, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Gikomba jijini Nairobi, mnunuzi anaweza kukuta juu ya turubai moja shoka la Uswidi lililoshikwa na kutu, randa ya Sheffield iliyopungukiwa skrubu, jembe la UFI (Ubungo Farm Implements), kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, lililoliwa nusu na udongo, na spana mpya inayong'aa ambayo mdomo wake utatanuka siku itakapokutana na nati iliyokaza. Mtu asiye na uzoefu huinama kuichukua spana. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba zana ya mtumba hupimwa kwanza kwa kasoro zisizorekebishika, na kasoro nyingine zote ni sababu za kupunguziwa bei tu. Kutu ya juujuu, mpini uliopasuka, makali butu na rangi iliyobanduka ni mambo ambayo mtu mwenye tupa na subira huyamaliza mwenyewe nyumbani. Ufa, chuma kilichopoteza ugumu wake na chuma kilichokwisha kwa kunolewa havina dawa ambayo gharama yake haizidi thamani ya zana yenyewe.

Inafaa pia kujua zana hizi zinatoka wapi, kwa kuwa asili hueleza mengi. Sehemu kubwa huja katika makontena kutoka Ulaya, zikiwa zimekusanywa katika karakana zilizofungwa na nyumba za wazee waliofariki; nyingine huletwa na mashirika ya hisani, kama vile Tools for Self Reliance la Uingereza, ambalo wafanyakazi wake wa kujitolea hukarabati zana kuukuu na kuzipeleka kwa mafundi wa nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Zipo pia za hapa kwetu: mashoka, majembe na mapanga ya UFI, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China, na yale ya Zana za Kilimo Mbeya, ambayo wakulima wengi wa makamo wanayakumbuka kwa uzito wake. Mwishowe kuna kazi za wahunzi, wanaofua springi za malori kuwa shoka au tezo. Kundi hili la mwisho hudharauliwa bila sababu, nami nitalirudia.

Hatua ya kwanza: jiandae kabla ya kwenda sokoni

Amua kazi kabla ya kuamua zana. Shoka la kukata miti lenye kichwa cha kilo 1.4 hadi 1.8 na makali membamba halifai kupasua magogo ya kuni, kwa kuwa litazama na kunasa. La kupasulia linahitaji kichwa kizito, cha kilo mbili au zaidi, chenye mashavu yaliyotanuka kama kabari. Kishoka cha mkono mmoja, chenye kichwa cha takriban gramu 500 hadi 700, ni cha kuchongea na kupogolea. Mnunuzi asiyejua hili hurudi nyumbani na shoka zuri la kazi isiyo yake.

Beba vitu vichache: tupa ndogo yenye meno makali, rula ya chuma ya sentimita 30, kipande cha msasa, kitambaa, tochi, chaki na chupa ndogo ya mafuta ya taa. Wengine hubeba sumaku wakiamini kwamba itawaonyesha chuma kizuri, lakini sumaku hushika chuma laini cha nondo sawasawa na inavyoshika chuma cha patasi bora, hivyo iache nyumbani.

Hatua ya pili: chagua mahali na wakati

Wauzaji wa zana waliobobea huwa wamekwisha kuchambua mzigo, na bei zao hufuata majina yaliyochapwa kwenye chuma. Kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanaopima kwa kilo, utachafuka mikono na kupoteza muda, lakini kichwa cha shoka huweza kuuzwa kwa uzito wake tu. Chanzo cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote, ni fundi mzee anayeacha kazi. Zana zake zimetunzwa, anaeleza historia ya kila moja, na mara nyingi anazo zile ambazo hazifiki sokoni kabisa, kama vile juba, keekee na randa za mbao. Kwa mtu wa namna hiyo usiende na lugha ya dalali. Amkia kwanza, muulize kazi alizozifanya kwa zana hizo, na umwachie yeye ataje bei.

Jihadhari na zana za wizi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai Tanzania kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, na Kenya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya huko kinahusu jambo hilohilo. Seti kamili ya spana inayouzwa jioni na kijana asiyejua hata moja inafungua nati gani, au zana yenye jina la kampuni au la shule lililokwanguliwa nusunusu, ni ya kuachwa hata ikiwa bei yake inatamanisha. Kwa zana ya thamani omba risiti, au angalau andikishianeni jina, namba ya simu na tarehe.

Hatua ya tatu: kagua kichwa cha shoka

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa anayejua kukagua shoka amekwisha kujua nusu ya ukaguzi wa zana nyingine zote zenye makali.

Anza na tundu la mpini. Ikiwa shoka lina mpini, chungulia juu ya kichwa uone kama tundu bado lina umbo lake, kwa kuwa watu wengi hutumia shoka kama kabari, wakilipiga kisogoni kwa nyundo ya mawe, na mapigo hayo hutanua au kubonyeza kuta za tundu, ambazo ni sehemu nyembamba kuliko zote. Shavu moja likiwa limevimba nje kuliko jingine, hakuna mpini utakaokaa imara humo. Halafu tazama pembe za tundu, mbele na nyuma, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Ufa mdogo hujificha chini ya kutu, lakini kuna kipimo cha kale kinachoufichua: safisha mahali hapo kwa msasa, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi au kumi na tano, futa hadi pakauke kabisa, kisha sugua chaki. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatarudi juu taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Muuzaji akikataa usifanye kipimo hiki kwenye shoka la bei kubwa, amekwisha kukujibu.

Geukia kisogo. Shoka la kawaida limetiwa ugumu upande wa makali tu, na kisogo chake ni laini. Ndiyo maana kikipigwapiga huchanua kingo na kumwagika pembeni. Kingo zilizochanuka kidogo huondolewa kwa tupa, na lazima ziondolewe, kwa kuwa vipande vyake huruka na kuweza kupofusha jicho. Zikiwa zimechanuka sana, rudi ulipime tundu mara ya pili.

Kisha uliza ni kiasi gani cha makali kimebaki. Mashoka mengi ya zamani ya Uingereza na Marekani yalifuliwa kwa chuma laini, na kipande cha chuma cha pua, yaani chuma kigumu kinachoshika makali, kikaunganishwa mbele tu. Ukisugua shavu kwa msasa mara nyingine utaona mpaka wa rangi mbili. Hata mashoka ya baadaye, yaliyofuliwa kwa chuma cha aina moja, yametiwa ugumu kwa sentimita chache tu kutoka kwenye makali. Shoka lililonolewa kwa miaka mingi huwa fupi, na pembe yake moja huwa imeliwa zaidi, kwa kawaida ile ya chini iliyo karibu na mtumiaji au ile iliyogonga mawe ardhini. Shoka hilo linaweza kuonekana zima kabisa ilhali sehemu yake ngumu imekwisha kubaki vumbi sakafuni kwa mwenyewe wa kwanza. Kama pana shoka jingine la aina hiyo hapo sokoni, yaweke sambamba na ulinganishe umbali kutoka tunduni hadi kwenye makali.

Kipimo cha ugumu hufanywa kwa tupa. Omba ruhusa kwanza, kwa maneno mepesi kama vile, "Mzee, naomba niliguse kwa tupa hapa pembeni," kwa sababu alama ya tupa haifutiki na mali bado si yako. Pitisha tupa mara moja karibu na makali, kisha mara moja karibu na tundu. Tupa nzuri ina ugumu wa takriban 62 hadi 65 katika kipimo cha Rockwell C, na makali ya shoka zuri huwa kati ya 52 na 58. Kwa hiyo, karibu na makali tupa inapaswa kung'ata kwa shida, ikitoa unga mwembamba na sauti kali. Karibu na tundu inapaswa kung'ata kwa urahisi. Kama inang'ata kwa urahisi sawa sehemu zote mbili, ugumu umepotea. Kama inateleza juu ya makali kana kwamba ni kioo, shoka hilo ni gumu kupita kiasi na litamegeka likikutana na fundo la mti.

Ugumu hupotea kwa moto, na dalili za moto husomeka. Chuma kilichosafishwa kikipashwa hugeuka rangi ya majani makavu kwenye nyuzi joto 220 hivi, na kufikia buluu karibu na nyuzi 300. Muuzaji anayetaka makali yang'ae haraka hutumia grenda ya umeme, na dakika moja ya pupa huacha ukanda wa buluu kando ya makali. Ukanda mwembamba wa milimita mbili au tatu unaweza kuondolewa kwa kunoa hadi ufikie chuma kizima. Mpana zaidi ya hapo ni hasara. Kibaya zaidi ni shoka lililotupwa motoni ili kuunguza kipande cha mpini kilichobaki tunduni, desturi iliyoenea sana vijijini. Ukikuta mkaa ndani ya tundu, na uso wote wa kichwa una rangi moja ya kijivu iliyopauka yenye magamba, chukulia kwamba makali nayo yameiva mpaka yakalainika, isipokuwa tupa ikuthibitishie vinginevyo.

Kuhusu majina, alama ya Hults Bruk, kiwanda cha Uswidi kilichoanza mwaka 1697, au ya Gränsfors Bruk, au ya wafuaji wa zamani wa Sheffield, ni sababu ya kulichunguza shoka kwa makini zaidi, wala haitoshi kuwa sababu ya kulinunua. Shoka la Uswidi lililounguzwa ni chuma chakavu chenye jina. Kwa upande mwingine, shoka lisilo na jina lililofuliwa na mhunzi kwa springi ya lori linaweza kuwa bora sana, kwa sababu springi ni chuma cha pua kinachokubali ugumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Kinachotofautisha ni jinsi mhunzi alivyokitia moto na kukizima. Tupa itakueleza. Angalia pia kama mashavu yote mawili yana unene sawa na kama makali yamenyooka na katikati ya kisogo unapolitazama kutoka juu, kwa kuwa huo ndio udhaifu wa kawaida wa kazi ya nyundo.

Mpini uuache mwisho. Mnunuzi mwenye busara humlipa muuzaji thamani ya chuma tu, na kuhesabu mpini kuwa sifuri. Mpini uliopakwa rangi nzito hufunika nyufa na mafundo. Uliopigiliwa misumari tunduni umekwisha kulegea zamani. Na ule unaoonekana umekaza kwa sababu umelowekwa majini asubuhi hiyo utalegea ukikauka. Kama ni wa kutumika, tazama mwisho wake: mistari ya mti inapaswa kwenda sambamba na kichwa, kutoka makali kwenda kisogo, wala isiukate mpini kwa upande.

Hatua ya nne: majembe, mapanga na sururu

Haya hayahitaji maneno mengi. Panga lipinde taratibu dhidi ya goti au ubao, kisha uliachie. Likirudi kunyooka ni zima, likibaki limepinda ni laini. Tazama mahali ubapa unapoingia kwenye mpini, kwa kuwa mapanga huvunjikia hapo, na ribiti zilizolegea huficha kutu. Jembe lipime kwa unene karibu na tundu na kwa urefu uliobaki. Jembe lililoungwa kwa kuchomelea shingoni sipendekezi kwa bei yoyote, kwa sababu joto la kuchomelea hulainisha chuma kando ya kiungo, nalo litakunja hapohapo msimu wa kwanza.

Hatua ya tano: randa

Randa za chuma za Stanley na Record ndizo zinazostahili kutafutwa zaidi. Stanley ilianza mwaka 1843 huko New Britain, Connecticut. Record ilikuwa ya Sheffield, na ilipoanza kutengeneza randa mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilifuata umbo lilelile, kiasi kwamba vipuri vyao vingi huingiliana. Randa namba 4, yenye urefu wa takriban sentimita 24 na kisu cha milimita 50, ndiyo ya kulainishia. Namba 5, ya sentimita 35 hivi, ndiyo ya kazi mchanganyiko, na kama fedha inatosha randa moja tu ningechukua hiyo.

Mwili wa randa ni chuma cha kalibu, yaani kilichomiminwa, ambacho hakipindi bali hupasuka. Ifungue yote. Tazama pembe mbili za mdomo ambamo kisu hutokea, na kuta za pembeni karibu na mdomo huo, kwa kuwa randa iliyoanguka sakafuni hupasukia hapo. Ufa kwenye mdomo ni mwisho wa safari, hata kama umeungwa kwa shaba. Weka rula kwa wima juu ya uso wa chini na uielekeze kwenye mwanga: mbonyeo mdogo wa unene wa karatasi husawazishwa kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo, ila uso uliojipinda kama ubao uliolowa uuache.

Kisu chake kipime kutoka makali hadi mwanzo wa mfereji wa katikati. Kikiwa kimebaki chini ya sentimita mbili, hesabu bei ya kisu kipya. Kigeuze na ukague upande wa nyuma, ule ulio bapa. Kutu ikiwa imechimba vishimo karibu na makali upande huo, kila ukinoa utafikia kishimo kingine na makali yatakuwa na meno. Vishimo vya upande wa mbele havina neno.

Kisha hesabu skrubu na nati zote. Stanley walitumia nyuzi za vipimo vyao wenyewe, visivyo vya milimita na visivyopatikana katika duka la kawaida la vifaa, hivyo skrubu moja ndogo ya mpini wa nyuma ikikosekana unaweza kuhangaika muda mrefu kuliko ulivyoitafuta randa yenyewe. Njia nafuu ni kununua randa mbili mbovu za namba moja na kutoa moja nzima.

Hatua ya sita: patasi na misumeno

Patasi ina sheria zilezile za kisu cha randa: urefu uliobaki, upande wa nyuma usio na vishimo, na makali yasiyo na buluu. Ugumu wake ni mkubwa kuliko wa shoka, takriban 58 hadi 61, kwa hiyo tupa karibu iteleze. Ukiona patasi au kisu kimechapwa CAST STEEL, usikiache ukidhani ni chuma cha kalibu. Hiyo ni alama ya chuma cha pua kilichoyeyushwa katika vyungu, mbinu ambayo Benjamin Huntsman wa Sheffield aliianzisha katika miaka ya 1740, na kwa kawaida ni dalili ya zana ya zamani yenye chuma safi. Patasi iliyotumika kama tindo au kufungulia makopo huwa imepinda kidogo. Itazame kwa jicho moja kutoka ncha hadi mpini.

Msumeno nao ushike usawa wa jicho, meno yakielekea juu, na utazame mgongo na mstari wa meno. Pindo la taratibu hunyooshwa, lakini kunjo kali, lenye mstari unaoonekana, hubaki milele na litakwama ndani ya kila mbao. Meno mawili au matatu yaliyovunjika mbalimbali hayadhuru. Matano mfululizo yanadhuru. Jambo linalowaponza wengi ni misumeno ya kisasa ambayo ncha za meno yake zimetiwa ugumu kwa umeme na kuwa nyeusi au buluu. Hiyo imetengenezwa itumike mpaka ichoke kisha itupwe, kwa sababu tupa haiwezi kuyang'ata meno yake. Ikiwa butu, hata bei ya maji ya kunywa ni ghali. Msumeno wa zamani wa Disston au Spear & Jackson, wenye meno yanayokubali tupa, hunolewa na kupangwa upya, jino moja likipindwa kushoto na linalofuata kulia, kwa miaka na miaka.

Hatua ya saba: nyundo, spana, plaizi na jiliwa

Nyundo ikiwa na uso uliomegeka kingoni, iache, kwa kuwa imeonyesha kwamba humega. Plaizi ifunge na uitazame dhidi ya mwanga, taya zikutane nchani kwanza. Spana ya kurekebika, ile ambayo mafundi huiita spana malaya, ishike taya yake na uitikise. Mchezo mkubwa wa juu na chini ni ishara kwamba nyuzi zimelika. Za Bahco, chapa iliyouza spana za Mswidi Johan Petter Johansson, aliyelipatia umbo hilo hataza mapema katika miaka ya 1890, bado ni kipimo cha kulinganishia nyingine.

Katika spana za kawaida, kosa la gharama kubwa ni la vipimo. Mizigo kutoka Uingereza imejaa spana za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, na za inchi. Spana yenye alama 1/2 W ina mdomo wa takriban milimita 23, kwa sababu namba ile ilitaja unene wa bolti badala ya upana wa nati, na ya inchi 1/2 ni milimita 12.7, ambayo kwenye nati ya milimita 13 haiingii. Zinaweza kuwa za chuma bora kuliko zote sokoni na bado zisikufae, isipokuwa kama unatengeneza mashine kuukuu za Kiingereza. Maneno ya chrome vanadium, yanayodai kuwa chuma ni cha mchanganyiko bora, hayathibitishi chochote yakiwa yamejitokeza kwa kumiminwa katika kalibu, na mshono wa kalibu haukusafishwa pembeni.

Jiliwa lizungushe mpaka mwisho wa safari yake, mbele na nyuma, usikilize kama linaruka. Vuta taya inayosogea, uipime kwa mchezo, kisha kagua chini ya kitako na shingoni kama pana mshono wa kuchomelea uliofunikwa kwa rangi mbichi. Rangi mbichi juu ya zana kuukuu, kwa jumla, ni ya kushukiwa. Ikwangue kwa ukucha mahali pa siri.

Hatua ya nane: kukubaliana bei

Anza na namba mbili kichwani: bei ya zana mpya ya ubora kama huo, ikiwa ipo, na bei ya chuma chakavu kwa kilo. Zana nzuri ya mtumba hukaa katikati. Kutoka hapo toa gharama ya mpini, kabari, tupa itakayochakaa na siku utakayoitumia kuisafisha. Taja kasoro kwa heshima na kwa ushahidi, "Kaka, tazama pembe hii imeliwa," badala ya kuidharau mali ya mtu mbele ya wateja wengine. Ukinunua vitu kadhaa kwa pamoja, ombea punguzo kwa jumla yake. Kama hujaridhika na kipimo cha tupa au cha chaki, ondoka. Mzigo mwingine utafunguliwa wiki ijayo.

Hatua ya tisa: kazi ya nyumbani

Kutu iondoe kwa brashi ya waya na msasa. Ikiwa imekolea, loweka chuma katika siki ya kawaida kwa saa 12 hadi 24 bila kuzidisha, sugua, suuza kwa maji yaliyochanganywa na magadi ili kuua asidi iliyobaki, kausha mara moja na upake mafuta. Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu wala usiiunguze, kwa sababu nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi. Ilowanishe, na watoto wawe mbali.

Noa shoka kwa tupa, ukisukuma kuelekea upande mmoja tu, mpaka pande zote mbili zikutane kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 kwa la kukatia na 35 hivi kwa la kupasulia, kisha malizia kwa kinoo. Cherehe ya maji inayozungushwa polepole inafaa. Grenda itarudisha buluu uliyoikimbia sokoni. Randa na patasi huanza kwa kusawazishwa upande wa nyuma, ndipo upande wa mbele unolewe.

Kwa mpini, mpera na mkole ni miti migumu isiyokatika ovyo, na mkaratusi ulionyooka hutumika sana. Mpingo ni mgumu kuliko yote lakini ni mzito na hauna mnyumbuko, kwa hiyo ufaao ni kwa mipini ya patasi. Mti uwe mkavu kabisa, kwa kuwa mbichi husinyaa ndani ya tundu. Chonga kwa kujaribu mara kwa mara mpaka uingie kwa shida, uache utokeze juu ya kichwa kwa nusu sentimita, pasua mwisho wake kwa msumeno hadi theluthi mbili za kina cha tundu, kisha pigilia kabari ya mti mgumu na mkavu. Kabla ya kupigilia kabari, shika mpini, kichwa kikining'inia chini, na uupige upande wa juu kwa nyundo ya mti. Uzito wa kichwa wenyewe utakipandisha.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye gogo laini, kwa mapigo mepesi, pasipo mtu yeyote kusimama mbele wala nyuma yako. Chora mstari wa penseli mahali mpini unapokutana na chuma kabla ya kuanza. Baada ya mapigo ishirini hivi tazama mstari huo, kisha utazame tena kesho yake asubuhi, kwa kuwa mti huweza kusinyaa kidogo. Ukiwa umesogea, toa kabari, chonga pana zaidi na uanze upya, misumari usiitie.